Maji ya Chumvi Nyuma ya Kinu

Shule ilipofunguliwa mwezi huu, binti mmoja wa darasa la tano alikuja na nywele zimesukwa na simbi za plastiki, zinagongana kila akigeuza shingo. Mwalimu mkuu akaniambia nikamfumue, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa malezi. Mimi tena. Kila kazi isiyotakiwa na mtu hapa shuleni ina jina langu. Nikamketisha kwenye ngazi ya ofisi, nikashika mkasi, na nilipoigusa ile ya kwanza mkono ukagoma. Ilikuwa nyepesi, imepata moto kwa jua. Simbi ya kweli, gamba la konokono wa baharini, ina uzito wake, na baridi yake unaisikia hadi kwenye meno.

"Mwalimu, unalia?" yule binti akaniuliza.

"Nimechoka tu," nikamwambia, na huo haukuwa uongo. Nikamaliza kumfumua, nikamfungia simbi zake kwenye karatasi azipeleke kwao, nikaingia darasani kufundisha sehemu za ua.

Nyinyi wa rika langu, mliokula ugali wa mahindi ya njano na kusoma mmekalia tofali, kwenu sina haja ya kueleza mengi. Mnajua nyumba zetu zilivyokuwa. Watoto wa siku hizi ukiwaambia kwamba chumvi ilikuwa kitu cha kufungwa na kuning'inizwa juu isichezewe, wanakutazama kama umeanza kuzeeka vibaya. Labda ni kweli nimeanza.

Kwetu ni Kitanga, kijiji cha karibu na mpaka wa Burundi. Nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama, Nyogokuru na mimi. Nyogokuru ndivyo tunavyomwita bibi kwa lugha yetu, na huyu alikuwa mama mzaa baba. Alivuka mto Malagarasi akikimbia mauaji Burundi, mimba ya baba iko tumboni, na kiunoni amefunga simbi moja. Si hizi ndogo nyeupe za waganga. Hii ilikuwa kubwa, inajaa kiganja changu, mgongo umejaa madoa ya kahawia, na chini ina mpasuko mrefu wenye meno pande zote mbili. Ilikuwa inang'aa bila kupakwa kitu. Ilifikaje kwenye vilima vyetu kutoka baharini, hakuna aliyejua. Nyogokuru alipewa na mama mkwe wake, naye alipewa na wa kwake, basi, hadithi ikaishia hapo.

"Mwenye simbi hii mimba yake haiharibiki," Nyogokuru alikuwa akisema. "Baba yako huyu alipita mtoni yuko tumboni, watu wanazama kushoto na kulia, na akazaliwa analia kama kawaida."

Nani angebishana na hilo? Baba mwenyewe alikuwa pale, mzima, anakula.

Baada ya kunizaa mimi, mimba mbili za mama ziliharibika. Mara zote mbili alikuwa ameikataa simbi, kwa ajili ya kanisa, na mara zote mbili Nyogokuru alimkumbusha. Mimba ya tatu ilipofika mwezi wa tano, Nyogokuru hakuuliza. Aliitoa simbi kwenye kikapu chake, akapitisha uzi wa katani kwenye tundu lake, akamfunga mama kiunoni, akakaza. Safari hiyo mama hakuwa na nguvu ya kukataa. Alisimama tu, mikono juu, anatazama ukuta. Baba, mzee wa kanisa, mtu wa kukemea hirizi kila Jumapili hadi mishipa ya shingo inamsimama, siku hiyo alikwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilikuwa namtaka mdogo wangu kuliko nilivyotaka viatu. Wenzangu wote walikuwa na mtoto wa kubeba mgongoni. Mimi nilikuwa nabeba gunzi. Nikaipenda ile simbi kwa moyo wote. Mama akipita, nilikuwa naitazama inavyoinua kitenge kidogo pale kwenye nyonga, nasema kimya kimya, kaza hapo hapo, usimwachie.

Mwaka ule shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi kutoka Mafia, Mwalimu Makame. Maskini, alikuwa anavaa sweta mbili na bado anatetemeka. Alikuwa anafundisha kama mtu anayesubiri barua ya uhamisho, na nadhani kweli alikuwa anaisubiri. Lakini siku alipofika kwenye konokono alisahau kitabu, akasahau na baridi.

"Nyie huku mnamjua konokono wa mgombani tu," alisema, "kapauka, hana haiba. Sasa sikilizeni. Baharini kuna ukoo unaitwa kauri. Mama yangu alikuwa akienda kuwaokota maji yakitoka, na mimi nyuma yake na ndoo. Mnajua kwa nini gamba la kauri linang'aa? Ana nguo yake ya nyama. Anaipandisha huku na huku, inakutana mgongoni, anajifunika gubigubi. Nguo hiyo hiyo ndiyo inayomjengea gamba, tabaka juu ya tabaka. Ukimgusa anaivuta yote ndani, na wewe unabaki unauona uso wako mgongoni kwake."

Akachora ubaoni. Akatuambia kwamba kauri akiwa mdogo gamba lake ni jembamba na mdomo uko wazi, ungemdhania konokono wa kawaida tu. Akipevuka, mdomo unajikunja kwa ndani na kuota meno, na hapo haongezeki tena urefu, anaongezeka unene. Tukacheka sana, maana pale kijijini tulikuwa na mtu wa namna hiyo na wote tulimfikiria huyo huyo. Akatuambia anajificha mchana, usiku anatoka kula majani ya baharini yaliyoota kwenye mawe. Halafu sauti yake ikashuka.

"Na jike akishataga, hayaachi mayai yake. Konokono ana mguu mmoja tu, na mguu huo ndio anaoyafunikia. Anayaatamia, hali kitu, haendi popote, siku kwa siku, mpaka yaanguliwe. Mama yangu akimkuta wa hivyo alikuwa anamwacha. Ukimgusa haondoki. Wengine wote wanakimbia, huyo haondoki."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, sisi tunaye nyumbani. Mama anaye."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Makame hakucheka. Alikuja hadi kwenye tofali langu, akainama.

"Mnalo gamba, mwanangu. Mwenyewe keshakufa zamani. Kauri haishi ila kwenye maji ya chumvi."

Nilirudi nyumbani nikiwaacha wenzangu nyuma. Jamani, fikirieni. Yule tuliyemfunga kwenye kiuno cha mama ili amkalie mdogo wangu, kumbe amekufa! Lakini kadiri nilivyotembea nikaanza kumtilia mashaka mwalimu. Mtoto wa Kitanga anajua jambo moja kuhusu konokono: hafi ovyo. Kiangazi anajifungia ndani, anaziba mlango kwa utando mgumu kama karatasi, anagandamana na mgomba miezi na miezi, utasema ni jiwe. Mwokote, mweke kwenye maji, kaa hapo umsubiri, utamwona anatoa pembe. Tulikuwa tunacheza mchezo huo kila mwaka. Kwa hiyo mwalimu ni mtu wa pwani, nikajiambia, huko hakuna kiangazi, hajui. Simbi yetu haijafa. Imelala kwa kukosa maji yake. Na kama imelala, anayemlinda mdogo wangu ni nani?

Mama alikuwa akienda kuoga anaivua simbi, anaitundika kwenye msumari nje ya bafu la majani makavu ya migomba. Jioni ile nilikaa karibu nikijifanya nachambua mboga. Alipoingia, nikaichomoa, nikakimbilia jikoni. Kulikuwa na chungu kidogo kilichomeguka mdomo, hakina kazi. Nikakijaza maji. Chumvi yetu ilikuwa ile ya Uvinza, ya mabonge, mama ameifunga kwenye nailoni na kuitundika juu. Nikapanda kigoda, nikaifikia, nikaimimina yote. Nilionja, nikatema. Nikaizamisha simbi, mpasuko umeangalia juu apate kupumua, nikakificha chungu nyuma ya kinu. Mpango wangu ulikuwa siku tatu. Siku ya tatu angekuwa ameamka, ningemrudisha kwenye msumari, na mama asingejua kitu ila angehisi tu kwamba sasa ameshikwa vizuri.

Mama alipotoka bafuni aliutazama msumari. Akatazama chini. Mimi nikainamia mboga zangu. Akajifunga kitenge chake, akaenda zake. Hakuuliza kabisa. Baadaye tu aliita kutoka jikoni: "Spe! Chumvi iko wapi?"

"Sijui, Mama."

Kesho yake niliporudi shule nilikwenda moja kwa moja nyuma ya kinu. Maji yalikuwa yamepungua, yamefika nusu. Mungu wangu, furaha niliyoisikia! Anakunywa! Nilicheza peke yangu jikoni mle, nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Nikamwongezea maji kidogo, nikamwambia ajitahidi.

Siku ya tatu, asubuhi, mama alikuwa shambani anapalilia maharage. Nilisikia akimwita Nyogokuru mara moja tu. Waliokuwa karibu walimlaza kwenye machela ya miti, wakambeba mbio hadi zahanati, na kutoka pale akapelekwa Kasulu. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Nilibaki na Nyogokuru, na sikuthubutu kuingia jikoni siku zote hizo.

Mama alirudi akitembea mwenyewe, taratibu, tumbo halipo. Mtoto alikuwa mvulana. Alizaliwa kabla ya wakati, akapumua kidogo, akaacha. Baba alimzika huko huko.

Mambo ya uzazi ni yale yale hata mtoto asipokuwepo, kwa hiyo Nyogokuru alichemsha maji, akampeleka mama nyuma ya nyumba kumkanda. Nilikuwa nimesimama pembeni na kopo la maji ya kupozea. Alipomfungua kitenge akamtazama kiunoni.

"Simbi iko wapi?"

Mama alivuta kitenge kujifunika.

"Nakuuliza. Simbi ya watu iko wapi? Hospitali walikuvua?"

"Hapana, mama."

"Iko wapi?"

Mama akanitazama mimi. Nakumbuka vizuri, alinitazama muda mrefu, halafu akageuza uso. "Nimeitupa," akasema.

Nyogokuru alipiga yowe ambalo hata baba, aliyekuwa mbele ya nyumba na wageni wa pole, alilisikia. Alisema maneno ambayo sitayaandika. Alisema mama amemuua mjukuu wake kwa ajili ya kanisa. Mimi nilijua simbi haijatupwa. Nilijua iko wapi. Nikadhani mama amesema vile kwa kuchoka kubishana tu, na nikamwacha abebe. Walipokuwa bado huko nyuma, niliingia jikoni, nikaitoa simbi kwenye chungu. Haikuwa na pembe, haikuwa na nguo ya nyama, haikuwa na chochote. Nikaenda nayo chooni, nikaiachia kwenye shimo.

Wiki hiyo hiyo Nyogokuru alihamia kwa baba mdogo, kijiji cha Muyama. Hakula tena chakula cha mkono wa mama mpaka anaingia kaburini. Kijijini mama akawa mwanamke aliyetupa simbi ya ukoo. Kwenye msiba wa Nyogokuru walimkalisha na majirani, si na wakwe, na yeye akakaa hapo hapo walipomwonyesha, mikono mapajani. Hakupata mimba tena. Ndiyo maana leo mimi sina wa kupokezana naye. Baba alishatangulia, mama ninaishi naye hapa Kasulu mjini, miguu imemvimba, na kila jioni nikitoka kwa watoto wa watu naanza na yeye: kumkanda, kumpikia, kumgeuza. Simlalamikii. Nasema nimechoka, basi.

Nimekuwa mwalimu wa sayansi. Nimesoma kuhusu ukoo wa kauri kuliko mtu yeyote wa vilima hivi anavyohitaji kusoma. Najua gamba ni chokaa. Najua mimba zinaharibika kwa sababu zake. Ningekutana na mzazi analia kwa jambo kama langu ningemweleza vizuri sana, hadi acheke. Kujieleza mwenyewe kumenishinda tangu nina miaka tisa.

Jumamosi, siku ya pili baada ya kumfumua yule binti, nilikuwa nimempigia mama magoti, mguu wake mmoja uko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Sikupanga. Yalitoka yenyewe.

"Mama, ile simbi hukuitupa wewe."

"Najua," akasema.

"Niliichukua mimi. Niliiweka kwenye maji ya..."

"Kwenye chungu, nyuma ya kinu." Hata hakufumbua macho. "Ningekosaje kuiona? Umemaliza chumvi yangu yote, natafuta chumvi nyumba nzima. Niliyachota yale maji nikapikia maharage. Mkala wote, bibi yako akaongeza."

Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka, hadi maji ya beseni yakamwagika. Halafu hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi.

"Ulijua? Miaka yote hii ulijua, na ukaniacha? Ulimwacha na Nyogokuru akuseme hadi anakufa!"

"Ningesema nini, Spe? Ningesema ni mtoto? Angekuua."

"Ningepigwa, yakaisha! Mama, mimi nimemuua mdogo wangu kila siku tangu siku ile. Kila siku!"

Hapo akafumbua macho. Alinitazama kama hanielewi.

"Wewe? Wewe kwa lipi?"

"Niliivua kwako."

"Wewe uliichukua," akasema polepole. "Mimi niliiona, na nikaiacha. Ilikuwa inanibana, Spe. Nalala inanibana, nainama inanibana, nakwenda kanisani naona watu wote wanaiona. Nilipoikuta kwenye chungu nilifurahi. Nikasema, Mungu ameniondolea, acha ikae humo. Ningeinama tu kuichukua. Sikuinama. Mtoto akafa." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Bibi yako aliponiuliza, nilisema nimeitupa kwa sababu ndivyo nilivyofanya."

Nilikuwa nimeshika mguu wake, unatona maji, na sisi wawili tumekaa ndani ya nyumba moja miaka yote, kila mmoja na kesi yake, na marehemu ni yule yule.

"Lakini wewe ulikuwa unaitafutia chumvi ya nini?" akaniuliza baadaye.

Nikamwambia. Nikamweleza habari za Mwalimu Makame, nguo ya nyama, jike anavyoyaatamia mayai kwa mguu mmoja bila kula. Alisikiliza yote, kichwa ameinamisha.

"Na hayo mayai," akasema, "yakishaanguliwa yanapona?"

Ningeweza kumdanganya. Ninadanganya watoto kila siku kwamba wakisoma kwa bidii kila kitu kitakuwa sawa.

"Mengi hayaponi, Mama. Vinatoka vitoto vidogo hata macho hayavioni, vinabebwa na maji, na karibu vyote vinaliwa kabla havijashika mwamba."

"Hata kama mama yao hakuondoka?"

"Hata kama hakuondoka hata mara moja."

Nje mtu alikuwa anamfokea mbuzi. Nilidhani amesinzia, nikaanza kumkausha vidole.

"Anaitwa Dezideri," akasema.

"Nani?"

"Mdogo wako. Nilimpa jina nikiwa nimemshika, kabla nesi hajamchukua. Hata baba yako sikumwambia. Niliona sina haki ya kumwita."

Nikalitaja jina. Nikalitaja tena, nisije nikalikosea. Kisha nikamwomba anipe mguu wa pili.